Ridhaa na Kulipwa katika Mbio za Pikipiki za Klabu: Swali Linaloihusu Pia Tarasaa

Chanzo cha mkanganyiko

Kila panapoandaliwa mbio za pikipiki za kiwango cha klabu, yaani mashindano yanayosimamiwa na klabu ya wanachama chini ya idhini ya shirikisho la taifa, huzuka malalamiko yale yale: kwamba mwendeshaji mwenye wafadhili, fundi wake mwenyewe na pikipiki ya akiba amepangwa mstari mmoja na mtu aliyedunduliza ada ya kuingia na ambaye Jumatatu atarudi kazini. Wapo wanaouona mpangilio huo kuwa dhuluma, wapo wanaouona kuwa ndiyo shule pekee ya mchezo, na baina ya pande hizo mbili wapenzi wa mbio hubaki hawajui hata ni nani hasa anayestahili kuwekwa upande wa ridhaa na nani upande wa kulipwa.

Kwa maana iliyozoeleka, mwanamichezo wa ridhaa ni yule anayeshindana kwa gharama zake bila malipo, na wa kulipwa ni yule ambaye mashindano ndiyo kazi yake. Sheria ya Michezo ya Kenya ya mwaka 2013 inautambua mgawanyiko huo, kwa kuwa Msajili wa Michezo amepewa jukumu la kuwapa leseni wanamichezo wa kulipwa pamoja na kusajili vyama vya michezo. Hata hivyo, mbio za pikipiki zina ngazi nyingi katikati ya ncha hizo mbili. Yupo anayepewa matairi bure na duka la vipuri, yupo anayelipiwa petroli na rafiki mwenye uwezo, yupo muuza pikipiki anayeshindana ili bidhaa yake ionekane, na yupo anayechukua fedha za ushindi mara moja kwa mwaka ambazo hazitoshi hata kulipia mnyororo na breki alizomaliza msimu mzima.

Tarasaa, mji mdogo wa Tana Delta upande wa kusini wa Garsen, unaliongezea swali hili uzito ambao vitabu vya kanuni havikuufikiria. Huko, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani na bara ya Kenya, kijana anayeshika pikipiki kwa kawaida anaishika kwa ajili ya riziki. Utaratibu wa leseni za udereva nchini humo una daraja lake maalumu, A3, kwa wanaobeba abiria na mizigo kwa malipo, kwa hiyo mwendesha bodaboda ana hati ya serikali inayothibitisha kwamba analipwa kwa kuendesha, ilhali akiingia kwenye mashindano atakuwa mwanagenzi asiyewahi kusimama mbele ya bendera ya kuanzia.

Mbio zenyewe zilivyo

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyofika sentimita 250 za ujazo, na tangu hapo chombo hicho kimeenea hadi vijiji ambavyo havikuwa na usafiri wa kila siku. Mchezo wenyewe haukuenea kwa kasi hiyo. Mbio za pikipiki za Kenya kwa sehemu kubwa ni motokrosi, yaani mbio za njia ya udongo iliyofungwa, yenye vilima, kona kali na miruko, na makao yake yanayojulikana zaidi ni Jamhuri Park jijini Nairobi, kama vile Busiika na Garuga zilivyo kwa Uganda. Pikipiki ya motokrosi ni nyepesi, ina shokomzoba ndefu, haina taa wala haisajiliwi kwa matumizi ya barabarani, na bei yake ni mbali mno na ile ya pikipiki ya sentimita 100 au 150 yenye keria ya mizigo inayosubiri abiria kwenye steji.

Mbio za barabarani ni mchezo mwingine, unaofanyika ama kwenye njia maalumu ya lami ama kwenye barabara ya umma iliyofungwa kwa kibali. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hairuhusu mashindano ya kasi barabarani bila kibali cha mamlaka, na vijana wanaokimbizana usiku kwenye barabara ya Malindi hadi Garsen hawamo katika mjadala huu, kwa sababu jambo hilo ni kosa na mwathirika wake mara nyingi ni mpita njia asiyekuwa na habari.

Jambo moja hupitwa na wengi wanaolalamika. Karibu popote mchezo huu unapochezwa, waendeshaji hugawanywa kwanza kwa ujazo wa injini na kwa umri, wala si kwa mapato. Mtoto huanza na sentimita 50, hupanda 65, kisha 85, kisha 125 na zaidi, na wakongwe huwa na daraja lao. Swali la nani analipwa huja baadaye, na mara nyingi huja wakati wa kugawa zawadi.

Waliojaribu kutenganisha

Jaribio linalofundisha zaidi lilifanyika kwenye Kisiwa cha Man, baina ya Uingereza na Ireland, ambako mbio za barabarani zimekuwapo tangu 1907, na njia ya milimani yenye urefu wa takriban kilomita 60 imetumika tangu 1911. Mwaka 1923 yalianzishwa huko mashindano ya waendeshaji wa ridhaa peke yao, kwenye njia hiyo hiyo, kwa lengo la kuwaepusha na timu za viwanda. Lengo lilikuwa jema, lakini utekelezaji uliwaingiza wasimamizi katika kazi isiyoisha ya kuchunguza nani alipewa pikipiki na nani alilipa, nani ni mfanyakazi wa kiwanda na nani ni mteja wake mpendwa. Mipaka ya ridhaa ikawa chanzo cha ugomvi kila msimu, na mwaka 1930 mashindano yakabadilishwa jina kuwa Manx Grand Prix na masharti yakalegezwa.

Baada ya Vita Kuu vya Pili, kisiwa hicho kilijaribu njia nyingine, yaani mbio za wanaklabu zilizoanza 1947, ambazo washiriki walitakiwa kutumia pikipiki za aina inayouzwa dukani. Geoff Duke alishinda daraja kubwa la mbio hizo mwaka 1949, akashinda na Manx Grand Prix mwaka huo huo, kisha akachukuliwa na timu ya kiwanda cha Norton na kuwa bingwa wa dunia mwaka 1951. Mafanikio yake yanaonyesha kwamba daraja la wanaoanza linaweza kuwa ngazi ya kweli. Lakini mbio hizo zilikoma mwaka 1956, na sababu mojawapo ni kwamba aina moja ya pikipiki, BSA Gold Star, ilizidi nyingine zote kiasi kwamba asiyekuwa nayo hakuwa na la kutarajia. Wasimamizi walikuwa wamefaulu kuwazuia wataalamu mlangoni, na pengo likaingia kupitia chombo.

Waliochanganya: fundisho la Safari

Afrika Mashariki yenyewe ina jaribio lake, na inasikitisha kwamba halitajwi mara nyingi katika mjadala wa pikipiki, ingawa lilikuwa la magari. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari hayakugawanywa kwa nguvu za injini bali kwa bei yake ya dukani, ili mwenye gari la bei nafuu ashindane na wenzake wa uwezo ule ule. Washiriki wa mwanzo walikuwa wenyeji wenye kazi zao nyingine. Timu za viwanda zilipoanza kuja na madereva wa kulipwa kutoka Ulaya, wengi walitarajia wenyeji wasambaratike, na kwa muda mrefu haikuwa hivyo. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 idadi ikawa 7 tena, kwa sababu tope, mashimo na vumbi vilihitaji maarifa ambayo hayanunuliwi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo PV544 iliyokwishatumika na timu ya kiwanda. Dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda ni Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka 1972.

Kilichofuata kinahitaji kusomwa kwa makini, maana wapo wanaoikumbuka nusu ya kwanza ya habari na kuisahau ya pili. Viwanda viliongeza fedha, vikaleta vikosi vya mafundi na ndege za kuongoza magari, na thamani ya kuijua njia ikapungua mwaka hadi mwaka. Wenyeji walioendelea kushinda, kama Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982, walikuwa wamechukuliwa na timu za viwanda, na Ian Duncan aliyeshinda mwaka 1994 alikuwa na Toyota ya daraja la juu. Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, suluhisho lilikuwa madaraja ndani ya mashindano yale yale: Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 mwaka 2022 kwenye njia ile ile waliyopita mabingwa wa dunia, bila yeyote kudai kwamba alipaswa kuwazidi mwendo.

Kwa upande wa pikipiki za lami, Afrika ina Jon Ekerold wa Afrika Kusini, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa sentimita 350 mwaka 1980 kama mshiriki binafsi, akimshinda Anton Mang aliyekuwa na Kawasaki ya kiwanda. Huyo alikuwa mtu mmoja mwenye kipaji cha nadra, na kanuni haiwezi kutungwa kwa kumtegemea.

Hoja za wanaotaka wachanganywe

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ya idadi. Mashindano ya klabu yenye waendeshaji 12, yakigawanywa kwa injini, kisha kwa umri, kisha kwa mapato, hubaki na madaraja ya watu wawili wawili, na anayekuwa wa pili katika watu wawili hapati kipimo chochote cha uwezo wake. Hoja ya pili ni ya kujifunza: namna mwendeshaji mahiri anavyochagua mahali pa kuanza kushika breki, anavyosimama juu ya vikanyagio kabla ya mtaro badala ya ndani yake, na anavyolitazama tokeo la kona wakati bado anaingia, ni mambo ambayo mgeni huyaona kwa nyuma yake na hawezi kuyasoma mahali pengine. Hoja ya tatu ni ya fedha, kwa kuwa watazamaji na wafadhili huvutwa na majina makubwa.

Udhaifu wa hoja hizi uko kwenye ya tatu. Ni kweli kwamba majina huvuta watu, lakini ada zinazolipia wasimamizi wa njia, daktari na gari la wagonjwa hutoka kwa wengi wanaomaliza nyuma, na zawadi za fedha huishia kwa wachache walio mbele. Pasipokuwa na utaratibu wa kugawa, wa ridhaa humgharimia wa kulipwa, na klabu inayoendeshwa hivyo hupoteza wanachama wake wa kawaida pole pole bila kujua sababu.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga husema kwanza kwamba ushindani usio na matumaini huua hamu. Hilo lina ukweli, ingawa mchezo wa riadha umeonyesha kwamba kuwafungia wanaolipwa nje hakudumu: Kipchoge Keino alipojiunga na mbio za kulipwa za Marekani mwaka 1973 alijifungia mlango wa Olimpiki, na kizuizi cha namna hiyo kiliachwa na karibu michezo yote kabla ya karne kwisha, kwa sababu kiliwaadhibu maskini wenye kipaji huku wenye mali wakiendelea kushindana kwa starehe zao.

Pingamizi lao la pili ni zito zaidi, nalo ni la usalama. Katika njia ya mzunguko ambayo mahiri huimaliza kwa sekunde 60 na mgeni kwa sekunde 70, mgeni anapotimiza mizunguko 6, yaani sekunde 420, mwenzake ametimiza 7, kwa hiyo dakika 7 tu baada ya kuanza wawili hao wako mahali pamoja tena. Iwapo mahali hapo mmoja anakwenda kilomita 90 kwa saa na mwingine 60, pengo baina yao hufungwa kwa zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mgeni husikia injini nyuma yake, hugeuza kichwa kutazama, mkono hufuata kichwa, na usukani huhama kidogo kuelekea upande ule ule ambao anayempita ameuchagua. Ajali za namna hii husababishwa na tofauti ya mwendo, na hazijali nani ana mkataba na nani hana, maana mtu wa ridhaa mwenye kasi humwogofya mgeni sawasawa na mtaalamu.

Ndiyo maana mbio za dunia za lami kwa miaka mingi zilitumia kipimo cha asilimia 107, yaani kama aliye mbele katika majaribio ametumia sekunde 100, yeyote aliyevuka sekunde 107 haruhusiwi kuanza. Kipimo hicho hakiulizi mapato ya mtu. Kwenye Kisiwa cha Man waendeshaji huachiliwa mmoja mmoja, sekunde 10 baina yao, na wageni huvaa kizibao cha rangi ya machungwa ili wanaokuja nyuma wawatambue mapema.

Hasara inamwangukia nani

Hapa ndipo swali la Tarasaa linapotofautiana na lile la Ulaya, na hapa ndipo mjadala wa Kenya ungestahili kukaa muda mrefu kuliko kwenye vikombe na medali. Kanuni za ridhaa zilitungwa zikimfikiria mtu mwenye mshahara au mali, anayeendesha kwa mapenzi. Mtu huyo akivunjika mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kidari, hukaa wiki 6 hadi 12 akipona huku mapato yake yakiendelea. Mwendesha bodaboda wa Tana Delta akivunjika mfupa huo huo hukosa kazi siku hiyo hiyo. Pikipiki aliyoanguka nayo pengine si yake, bali ya tajiri anayepelekewa hesabu kila jioni, au ni ya mkopo na kitabu chake cha umiliki kinashikiliwa na aliyekopesha, na marejesho hayangoji bega lipone. Bima ya kawaida ya pikipiki haimsaidii, kwa kuwa kwa desturi mashindano ya kasi huondolewa katika mambo inayoyafidia. Hospitali ya karibu iko Ngao, na huduma kubwa zaidi za upasuaji hutafutwa Malindi, mwendo wa takriban kilomita 100, ambao wakati wa mafuriko huweza kurefuka sana.

Kwa hiyo mtu ambaye kanuni ingemhesabu kuwa wa ridhaa ndiye anayeweka rehani riziki yake yote, na yule wa kulipwa, ambaye timu yake imemkatia bima ya matibabu, ndiye mwenye kinga. Hoja kwamba bodaboda ahesabiwe mtaalamu kwa sababu anaishi kwa pikipiki haisimami pia. Ujuzi wake ni wa kweli: anapita na magunia mawili ya mchele kwenye udongo mweusi wa bondeni baada ya mvua, mahali ambapo wengi wangeteremka na kusukuma. Lakini kazi imemfundisha kushika breki taratibu kwa ajili ya abiria, kubana petroli na kutunza matairi, na mbio humtaka ayaache yote hayo kwa asubuhi moja.

Kupima

Kati ya misimamo hii, ule wa kuwatenga kabisa wanaolipwa ndio dhaifu zaidi, kwa sababu umejaribiwa na watu wenye fedha na wasimamizi wengi kuliko klabu yoyote ya Kenya, ukawashinda. Msimamo wa kuwachanganya bila masharti nao haufai, kwa kuwa unauacha uadilifu utegemee bahati. Kinachobaki ni kushiriki njia moja kwa vipimo vinavyohusu hatari na chombo, na kuliacha suala la mapato litumike mahali linapohusika kweli, yaani kwenye zawadi: anayelipwa atangaze, ashindanie kombe na nafasi, na fedha za zawadi zigawanywe kwa madaraja yote badala ya watatu wa mbele.

Kwa eneo kama Garsen na Tarasaa, mfano unaofaa zaidi ni ule wa Safari ya mwanzo kuliko ule wa motokrosi ya Nairobi. Mashindano ya kwenda kituo hadi kituo, waendeshaji wakiachiliwa kwa zamu, huondoa karibu kabisa hatari ya kukutana kwenye kona, na njia za udongo za bondeni, zikichaguliwa kiangazi na kuafikiwa na wafugaji na wakulima wanaozitumia, zinatosha. Daraja kuu lingekuwa la pikipiki za kawaida za sentimita 150, zilizokaguliwa na kutiwa alama injini zake, na mtaalamu kutoka Nairobi au Kampala angekaribishwa kwa sharti la kupanda pikipiki ya daraja hilo hilo. Chini ya sharti hilo pesa zake hazimnunulii kasi, ujuzi wake unabaki wa kutazamwa na kuigwa, na mwenyeji anayeijua njia anapata nafasi ile ile waliyokuwa nayo kina Joginder Singh.

Gharama ya mpango huu isifichwe. Kuachilia waendeshaji kwa zamu hupunguza msisimko wa watazamaji waliozoea kuona kundi zima likiingia kona ya kwanza, ukaguzi wa injini huhitaji fundi asiye na upande, na kikundi cha wasimamizi waliotawanyika kando ya njia ndefu ni ghali kuliko wale wa uwanja mmoja. Bajeti ya klabu changa haitoshi kwa yote, na hapo ndipo msimamizi analazimika kupanga nini kitangulie. Gari la wagonjwa lenye mhudumu lilipwe kwanza, na likiondoka na majeruhi mbio zisimame hadi lirudi. Linalofuata liwe bima ya siku ya mashindano, itakayomfidia mshiriki matibabu na sehemu ya mapato ya wiki atakazokaa bila kazi, ambayo klabu inaweza kuijadili kwa pamoja na chama cha bodaboda kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Fedha za zawadi zitoke kwenye kinachobaki, hata kama mwaka wa kwanza kitakachobaki ni kofia ngumu mpya na seti ya matairi kwa kila daraja.